Stempu ya kumbukumbu ya klabu ya mpira: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Nakusanya stempu tangu nikiwa darasa la nne, na mechi zinapochezwa uwanja wa Jamhuri sipendi kukosa. Zamani mambo hayo mawili hayakukutana. Sasa yamekutana: Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, kwa hiyo tangu 2025 mashabiki wanazungumza habari ya miaka 90, na kila anayejua kuwa nina albamu nyumbani ananisimamisha njiani kuniuliza habari ya stempu za klabu. Kuanzia Majengo hadi Area C maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa, mepesi kwanza, ili nikiulizwa tena niwe na mahali pa kumwelekeza mtu.

## Mwanzo kabisa

1. Stempu ya kumbukumbu ni nini, na ina tofauti gani na stempu ya kawaida?

Stempu ya kawaida huchapwa na kuchapwa tena kwa miaka, kila akiba ya posta inapopungua. Stempu ya kumbukumbu hutolewa kwa ajili ya tukio: uhuru, mashindano, miaka 100 ya shule au ya klabu. Hupangiwa idadi, huwa na tarehe ya kutoka, na ikiisha haichapwi tena. Zote mbili kazi yake ni moja, kuonyesha kuwa nauli ya barua imelipwa.

Desturi ya kubandika stempu ilianza Uingereza Mei 1840. Kabla ya hapo mara nyingi aliyelipa ni aliyepokea barua. Mpira uliingia kwenye stempu mwaka 1924, Uruguay ilipotoa stempu za kushangilia ushindi wake wa soka kwenye Olimpiki ya Paris.

2. Ni ile ile stempu iliyobandikwa kwenye chupa ya soda?

Hapana. Ile ni stempu ya kodi ya kielektroniki, ya Mamlaka ya Mapato (TRA), kuonyesha kuwa bidhaa imelipiwa ushuru. Haiwezi kupeleka barua hata hapo Bahi. Na mhuri ni kitu kingine tena: ni alama ya wino ambayo karani wa posta anaigonga juu ya stempu, yenye jina la mji na tarehe. Katika majibu haya nikisema stempu nina maana ya posta, na nikisema mhuri nina maana ya ule wino. Tafadhali zitenganishe, kwa sababu nusu ya mambo yanayofuata yanategemea tofauti hiyo.

3. Nani ana ruhusa ya kuitoa? Klabu yenyewe haiwezi?

Klabu haiwezi. Stempu hutolewa na mamlaka ya posta ya nchi peke yake. Kwetu ni Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi Januari 1994 baada ya posta kutenganishwa na simu. Kabla ya hapo posta na simu zilikuwa shirika moja, na kabla ya Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 tulikuwa na posta ya pamoja na majirani. Ndiyo maana kwenye barua za wazee utakuta stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja.

Kanuni hii inatoka Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa 1874 na wenye makao makuu Bern, Uswisi. Kwa sababu hiyo barua yenye stempu ya Dodoma inafika Lisbon bila mtu kudai nauli nyingine njiani. Klabu inachoweza kufanya ni kuomba, kutoa kibali cha nembo yake na kupeleka historia yake. Tazama swali la 16.

4. Klabu gani zimewahi kupata heshima hiyo?

Hispania ilitoa stempu ya miaka 100 ya FC Barcelona mwaka 1999, na ya Real Madrid mwaka 2002. Hapa hapa Afrika, posta ya Tunisia ilitoa ya Espérance mwaka 2019 ilipotimiza karne. Hiyo ya Tunisia huwa naitaja kwanza nikiwa na vijana, maana wanadhani jambo hili ni la Ulaya tu.

Kuna aina nyingine inayochanganywa na hizi: stempu ya ubingwa. Italia iliipa Napoli stempu ilipotwaa ligi 1987, na Ujerumani iliwahi kufanya hivyo kwa mabingwa wake miaka ya 1990. Hiyo inasherehekea msimu mmoja. Ya maadhimisho inasherehekea umri, yaani watu walioishikilia klabu hata miaka ambayo haikushinda kitu. Kwangu hii ya pili ina uzito zaidi.

5. Watu hawaandiki barua tena. Stempu ya nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa moyo wote.

Jezi ya maadhimisho itachakaa. Picha ya kwenye simu itapotea siku simu itakapoingia maji. Stempu ni hati ndogo ya nchi: ina jina la nchi, ina thamani ya fedha, na imepita mikononi mwa watu waliohakikisha kwamba kilichoandikwa ni kweli. Jina la klabu likikaa pale, nchi imekiri kwamba kundi lile la vijana waliokutana kucheza mpira zamani ni sehemu ya historia yake. Na ikigongwa mhuri wa mji, inasema pia kwamba siku fulani, mahali fulani, mtu alisimama kaunta akalituma jina hilo kwa mwenzake.

Mpira na stempu vimekaa jirani kuliko watu wanavyodhani. Machi 1966 Kombe la Dunia, lile la Jules Rimet, liliibwa London likiwa kwenye maonyesho ya stempu. Stempu zilizokuwa humo ndani zilikuwa na thamani kubwa kuliko kombe lenyewe, na wezi waliziacha. Siku saba baadaye mbwa aitwaye Pickles alilinusa kombe chini ya uzio wa mimea wa nyumba, limefungwa kwenye gazeti. Uingereza ilipotwaa kombe hilo Julai, posta ya kule haikungoja kuchora upya. Ilichukua mojawapo ya stempu zilizokwisha andaliwa kwa mashindano, ikaongeza juu yake maneno ya kutangaza ushindi, na Agosti zikauzwa.

## Kuisoma stempu

6. Nikishika stempu ya klabu, nitazame nini kwanza?

Jina la nchi. Kisha thamani, kwa tarakimu. Uingereza peke yake haiandiki jina lake, kwa kuwa ndiyo iliyoanza. Huweka kichwa cha mfalme au malkia badala yake. Nyingine yoyote isiyo na jina la nchi wala thamani itilie shaka (swali la 10).

Baada ya hapo ndiyo uangalie picha. Miaka imeandikwaje? Nembo ni ya leo au ya wakati wa kuanzishwa? Rangi ni zenyewe? Tazama na meno, yaani vile vitobo vya pembeni: yawe kamili pande zote nne. Jino moja likikatika, mkusanyaji ataliona kabla hajaiona nembo.

7. Klabu iliyobadili jina au kuhama mji huhesabiwa miaka kuanzia lini?

Simba haikuzaliwa ikiitwa Simba. Ilianza 1936, ikapitia majina kadhaa, ikafahamika sana kama Sunderland, na jina la sasa ilipewa 1971. Hakuna shabiki wake atakayekubali kuhesabiwa kuanzia 1971, na yuko sahihi: wanachama ni wale wale, mji ni ule ule, mlolongo haukukatika. Jina ni kanzu, mtu huvua na kuvaa.

Kanda yetu ya kati ina mifano migumu zaidi. Singida Black Stars ilitoka kwenye Ihefu, klabu ya Mbarali kule Mbeya, ikahamia Singida na kubadili jina mwaka 2024. Ukiulizwa umri wake utajibu nini? Mtu wa Mbarali atakwambia timu yake iliondoka. Mtu wa Singida atakwambia timu yake ndiyo kwanza imefika. Mimi naona stempu isiyoeleza mambo hayo mawili itakuwa imemdhulumu mmoja. Kwa klabu ya namna hiyo ni bora kuandika mwaka wa kuanzishwa pamoja na jina la wakati huo, hata kama nafasi ni ndogo kuliko kucha.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya stempu ya maadhimisho ni mwaka. Picha mbaya inasameheka. Mwaka ukikosewa, kosa limechapwa kwa jina la nchi.

## Kununua na kutumia

8. Nainunua wapi nikiwa Dodoma?

Anza Posta Kuu ya mjini. Usiseme tu "nataka stempu", utapewa ya kawaida iliyo karibu na mkono wa karani. Sema unataka stempu za kumbukumbu, au taja neno filateli, ndilo jina la shughuli hii ndani ya posta. Nenda mapema toleo linapotangazwa, kwa sababu mgao wa mikoani huisha haraka. Walio Mpwapwa, Kondoa au Kongwa wazungumze na posta yao kabla ya siku ya toleo, waulize kama wataletewa.

Posta huuza kwa thamani iliyochapwa. Kama una uwezo, nunua nne zilizoshikana badala ya moja: moja ya albamu, moja ya barua, mbili za kubadilishana na wenzako.

9. Bahasha ya siku ya kwanza ni kitu gani?

Ni bahasha iliyobandikwa stempu mpya na kugongwa mhuri siku ile ile stempu ilipotoka. Mara nyingi bahasha yenyewe ina mchoro unaohusu tukio. Kwa klabu, toleo likipangwa liangukie tarehe ya kuzaliwa kwake, mhuri na maadhimisho vinasema tarehe moja. Ukitakiwa kuchagua kitu kimoja tu cha kununua, chagua hicho.

10. Nimeona mtandaoni "stempu" ya klabu yangu, lakini haina jina la nchi. Ni halali?

Hicho ni kibandiko. Kinaweza kuwa kizuri, unaweza kukibandika kwenye daftari, ila hakina nguvu ya posta. Kuna wabaya zaidi ya wauza vibandiko: wanaochapa karatasi zenye jina la nchi ya kweli ambayo posta yake haikuhusika hata kidogo, au jina la nchi isiyokuwepo. Mpira wa miguu, pamoja na wanyama na treni, ni mada wanazozipenda kwa kuwa wanunuzi ni wengi. Umoja wa Posta Duniani husambaza matangazo ya kuwaonya watu kuhusu karatasi hizo, na tangu 2002 una orodha ya matoleo halali ambayo nchi wanachama huyasajili, kila stempu na namba yake. Ikague orodha hiyo kabla ya kutuma hela.

11. Naruhusiwa kuibandika kwenye barua na kuituma, au itakuwa nimeiharibu?

Ruhusa unayo, na nakuomba uitumie. Jumla ya thamani ifikie nauli ya barua yako. Karani ataipima na kukwambia kiasi. Ikipungua, ongeza ya kawaida pembeni. Mwombe kwa heshima agonge mhuri usomeke vizuri, upate DODOMA na tarehe, lakini usifunike nembo yote. Makarani wengi hufurahi kuombwa hivyo. Siku hizi kazi yao kubwa ni vifurushi, na mtu anayejali mhuri anawakumbusha ufundi wao.

Watu hudhani stempu safi daima ni bora kuliko iliyotumika. Si lazima, na sababu iko kwenye swali la 14.

## Kutunza

12. Niipeleke steshenari wanipigie leminesheni isiharibike?

Usifanye hivyo kamwe. Joto la mashine huyeyusha gundi ya nyuma, plastiki inashikana na karatasi, na hakuna namna ya kuitoa tena. Nimeletewa nyingi za namna hiyo na watu wenye nia njema kabisa, na kila mara nimekosa la kuwasaidia. Selotepu nayo ni adui: baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilotoka.

Kinachotakiwa ni albamu yenye mifuko ya wazi, au bahasha ndogo safi za karatasi. Ishike kwa kibano, usiishike kwa vidole vilivyotoka kula ubuyu. Hali ya hewa yetu ina upande mzuri: Dodoma ni kavu, gundi haishikani yenyewe kama inavyofanya pwani. Upande mbaya ni vumbi, jua na mchwa. Wakusanyaji wa Dar hawaniamini nikiwaambia kuhusu mchwa, lakini yeyote aliyewahi kuweka sanduku la vitabu sakafuni Chang'ombe ya hapa Dodoma au Nkuhungu ananielewa. Weka albamu ndani ya sanduku la bati, juu ya meza au kabati, mbali na ukuta, na ikague walau mara mbili kwa mwaka, hasa mvua za Desemba zikianza.

13. Nabanduaje stempu iliyokwisha tumika?

Kwanza soma swali la 18, pengine hutakiwi kuibandua kabisa. Kama bahasha haina maana yoyote, kata kipande cha bahasha kuizunguka, kiweke kwenye maji ya uvuguvugu, stempu ikitazama juu, uache dakika ishirini hivi. Iache iteleze yenyewe. Ikaushe juu ya karatasi nyeupe, si gazeti, wino wa gazeti huhamia. Zile za kujibandika, zisizolambwa, mara nyingi hazitoki kwa maji. Acha kipande cha bahasha kibaki nyuma.

## Thamani

14. Itanitajirisha?

Hapana, na anayekuahidi hivyo anataka kukuuzia.

Bei ya stempu inatokana na uchache wake, hali yake, na wangapi wanaitafuta. Umri peke yake hausaidii. Stempu ya kwanza kabisa duniani, ile ya 1840, zilichapwa zaidi ya milioni 68, na ndiyo maana hadi leo mtu wa kipato cha kawaida kule Ulaya anaweza kuinunua. Sasa fikiria stempu ya klabu yenye mashabiki nchi nzima: kila anayeinunua anaiweka kabatini ikiwa safi. Baada ya miaka thelathini safi zitakuwa tele. Zitakazokuwa adimu ni zile zilizosafiri kweli, kwenye bahasha yenye anwani, nauli sahihi na mhuri wa mji mdogo. Barua iliyotoka Manyoni kwenda Kibaigwa ikiwa na stempu ya klabu na tarehe ya wiki ya maadhimisho, hiyo mkusanyaji ataisafiria.

15. Yangu imechapwa vibaya. Ni mali?

Inategemea kosa. Wino kufifia kidogo si kitu. Picha kugeuka juu chini ni kitu kikubwa: Marekani 1918 ilitoa shiti moja ya stempu 100 zenye ndege iliyochapwa kichwa chini, na hadi leo kila moja inauzwa kwa bei ya nyumba. Rangi nzima kukosekana, au meno kukosekana upande mmoja, muonyeshe mtu anayejua. Usiisafishe kwanza.

## Mambo ya pembeni

16. Klabu yetu ya mtaani inatimiza miaka 50. Tunaweza kuombewa stempu?

Mnaweza kuandika barua Shirika la Posta, na hakuna ubaya wa kujaribu. Ila matoleo ya mwaka hupangwa mapema, uchoraji na uchapaji una hatua nyingi, na mada hushindana. Pelekeni ombi mapema sana, likiwa na ushahidi wa mwaka wa kuanzishwa, picha za zamani pamoja na ruhusa ya wenye picha, na nembo iliyo mali yenu kisheria. Msiseme tu mnapendwa. Elezeni klabu imefanya nini kwa mji.

Mkikosa, kuna njia iliyo halali na isiyo ghali. Chapeni bahasha zenu zenye nembo na miaka, bandikeni stempu za kawaida, kisha siku ya maadhimisho nendeni wote posta mkatume: kwa waanzilishi waliobaki, kwa wachezaji waliohamia mikoa mingine, kwa shule zilizowapa uwanja. Mhuri utabeba tarehe yenu. Kila nikiwaona Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu waliopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, nawaza bahasha yenye kichala cha zabibu na mhuri wa nyumbani. Hakuna mji mwingine nchini ungeweza kuitoa.

17. Mimi ni Simba damu. Nikiweka ya Yanga kwenye albamu si usaliti?

Weka. Albamu ya mpira wa Tanzania yenye upande mmoja ni kama kusimulia mechi ya watani kwa mabao ya timu moja. Ziweke kurasa zinazotazamana.

18. Marehemu baba aliacha bahasha za zamani zenye stempu za mpira. Nizikate nizipange vizuri?

Usikate, ndugu yangu.

Babu yangu alifanya kazi reli, na barua zake zilikuja kwa treni ya kati, stesheni hadi stesheni. Nikiwa mtoto nilizikuta, nikakata stempu zote kwa mkasi, pembe nne safi, bahasha nikawashia moto wa jikoni. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Leo ninazo zile stempu, na sijui hata moja ilitoka wapi. Mhuri ulikatika katikati. Jina la mji liliungua pamoja na mwandiko wake na jina la aliyeandikiwa. Stempu za aina ile ningeweza kuzipata popote. Bahasha zile zilikuwa zake peke yake.

Kwa hiyo ya baba yako iache nzima, pamoja na barua iliyomo. Iweke kwenye mfuko wa karatasi safi, ilale bapa, isikunjwe tena. Nyuma ya ule mfuko, si nyuma ya bahasha, andika kwa penseli: aliyetuma ni nani kwenu, aliyepokea ni nani, na alikuwa shabiki wa timu gani. Kama mama au shangazi bado yupo, muulize wiki hii.